Simu yako inaandika daftari: lisome kabla ya kuifuta

Bando la wiki limeisha siku ya tatu. Chaji uliyolipia asubuhi kibandani haifiki alasiri. Salio limepungua na hukumbuki kununua kitu. Tukifika hapo, wengi wetu hufanya jambo moja kati ya mawili: tunamlaumu mtu wa nyumbani aliyeshika simu, au tunaipeleka kwa fundi aiflashi, yaani afute kila kitu ianze upya.

Katika makala haya tunaeleza jambo la tatu ambalo ni la bure na linapaswa kutangulia hayo mawili. Simu janja hujiandikia kumbukumbu ya kazi zake: programu gani ilifunguliwa, ilitumia data kiasi gani, ilikula chaji kiasi gani, na ipi iligusa kamera au kinasa sauti. Kumbukumbu hiyo ni yako, na huhitaji fundi kuisoma. Lakini ukiifuta simu, nayo inafutika, na hutajua tena kilichotokea.

Kwa msikilizaji wa Kaengesa, Mpui au Laela hili si jambo la wapenda teknolojia peke yao. Simu ndiyo inayopokea malipo ya mahindi, maharage na alizeti. Ndiyo inayotunza akiba ya ada ya mtoto. Tangu mpango wa mbolea ya ruzuku uanze msimu wa 2022/2023, namba ya simu pia ni sehemu ya taarifa za mkulima aliyejisajili. Simu ikiharibikiwa au ikiingiliwa, shughuli nyingi za nyumbani husimama.

Madaftari ni matatu

Kabla ya kutafuta kitu, jua kimeandikwa wapi. Daftari la kwanza limo ndani ya simu yenyewe. Hili linaeleza betri, data, programu na ruhusa.

Daftari la pili liko kwa kampuni ya mtandao wako. Humo zimo simu ulizopiga, meseji, vocha, vifurushi na miamala ya pesa. Hata ukifuta meseji zote kwenye simu, kumbukumbu ya muamala inabaki kwa kampuni.

Daftari la tatu liko kwenye akaunti uliyofungulia simu. Kwa simu za Android hiyo ni akaunti ya Google. Humo utaona vifaa vilivyoingia kwa jina lako na shughuli zako za mtandaoni.

Mwenye kitochi hana mengi ya kusoma kwenye simu yenyewe zaidi ya orodha ya simu zilizopigwa na meseji. Lakini daftari la pili ni lake sawa na la mwenye simu janja, na kwa upande wa pesa hilo ndilo kubwa.

Anza na betri

Fungua mipangilio, ambayo wengi tunaiita setingi. Ni ile alama ya gurudumu lenye meno. Ingia sehemu ya betri, kisha matumizi ya betri. Utaona orodha ya programu, na mbele ya kila moja asilimia ya chaji iliyokula. Simu nyingi huonyesha saa 24 zilizopita, na baadhi huonyesha siku kadhaa.

Majina ya menyu hutofautiana kati ya Tecno, Itel, Infinix, Samsung na nyingine. Ukipotea, tumia kisanduku cha kutafutia kilicho juu ya mipangilio, uandike neno betri. Kama simu yako iko kwa Kiingereza, unaweza kuibadilisha kuwa Kiswahili kwenye sehemu ya lugha.

Soma orodha hiyo kwa utulivu. Kioo na programu unayoitumia sana zikiwa juu, hiyo ni kawaida. Ukiona programu ambayo hujaifungua wiki nzima imekula chaji nyingi, hapo pana swali. Gusa jina lake. Simu nyingi zitakuonyesha muda iliofanya kazi ukiwa unaitazama na muda iliofanya kazi chinichini, yaani bila wewe kuiona.

Si kila chaji inayopotea ina mwizi. Mtandao ukiwa hafifu, simu huongeza nguvu ya kurusha mawimbi ili iufikie mnara, na nguvu hiyo inatoka kwenye betri. Ukishinda shamba la bondeni ambako alama ya mtandao inakuja na kupotea, chaji itaisha mapema kuliko ukiwa barabarani. Baridi nayo hupunguza uwezo wa betri kwa muda, na Ufipa mwezi wa sita na wa saba tunaijua baridi yake. Katika hali hizo orodha itaonyesha chaji nyingi kwenye mtandao wa simu, au haitaonyesha programu yoyote iliyozidi. Hapo tatizo ni mazingira au betri iliyochoka, na kuiflashi simu hakutasaidia.

Kisha angalia data

Rudi kwenye mipangilio, ingia mtandao, kisha matumizi ya data. Simu ikiwa na laini mbili, chagua laini unayowekea bando. Utaona jumla ya megabaiti zilizotumika katika mwezi, na chini yake programu zimepangwa kuanzia iliyotumia nyingi.

Mara nyingi jibu liko hapo juu kabisa, na halina maajabu. Programu ya video hucheza video inayofuata yenyewe. WhatsApp inaweza kupakua picha na video za makundi hata kama huzifungui. Duka la programu husasisha programu zote kwa wakati mmoja.

Kila moja ina dawa yake. Kwenye WhatsApp, ingia mipangilio, halafu hifadhi na data, uzime upakuaji wa picha na video unaofanyika wenyewe. Kwenye duka la programu, chagua visasisho vifanyike kwenye Wi-Fi tu. Programu nyingine yoyote inayokula data usiyoielewa, gusa jina lake hapo hapo kwenye orodha na uzime data ya chinichini. Itaendelea kufanya kazi ukiifungua, lakini haitatumia bando lako ukiwa umelala.

Siku mbili baadaye rudi kwenye orodha ulinganishe. Kama programu uliyoizima imeshuka na bando linadumu, umepata jibu.

Simu ilifunguliwa mara ngapi?

Wengi wetu huacha simu kwenye kibanda cha kuchajia, au tunaiazima kwa jirani. Swali la kama mtu aliifungua lina majibu mawili kwenye simu.

La kwanza liko kwenye sehemu iitwayo Nidhamu Dijitali, iliyoanza kuonekana na Android 9 mwaka 2018. Huonyesha kila programu ilitumika dakika ngapi kwa siku, na simu ilifunguliwa mara ngapi. Ukiangalia kabla ya kuiacha kibandani na ukaangalia tena ukiichukua, tofauti utaiona mwenyewe.

La pili ni historia ya arifa, iliyokuja na Android 11 mwaka 2020. Ukiiwasha, huhifadhi arifa zote za saa 24 zilizopita, hata zile zilizofutwa kwenye kioo. Kama ujumbe wa muamala uliingia na mtu akauondoa haraka, kuna uwezekano wa kuukuta huko. Lakini lazima uwe umeiwasha mapema, kwa sababu haiandiki yaliyotokea kabla ya kuwashwa. Baadhi ya simu za bei nafuu hazina sehemu hizi. Kama yako haina, kinga ni namba ya siri ya kioo, tena tofauti na ile ya pesa.

Nani aligusa kamera na kinasa sauti

Tangu Android 12, iliyotoka mwaka 2021, kuna ukurasa unaoitwa dashibodi ya faragha. Uko ndani ya mipangilio, sehemu ya faragha. Unaonyesha ni programu zipi zilitumia kamera, kinasa sauti na mahali ulipo, na saa zilipofanya hivyo. Android 12 huonyesha saa 24, na toleo lililofuata lilianza kuonyesha hadi siku saba. Wenye iPhone wana ripoti ya aina hiyo hiyo inayohesabu siku saba, nayo lazima iwashwe kwanza.

Kanuni ya kusoma ukurasa huu ni kuuliza kama ruhusa inalingana na kazi. Programu ya ramani kujua ulipo ni halali. Tochi haina kazi na orodha ya majina yako. Kikokotoo hakina kazi na kinasa sauti. Ukikuta hali hiyo, ondoa ruhusa au ondoa programu.

Programu za mikopo ndizo mfano mkubwa wa madhara ya ruhusa. Nyingine huomba kusoma orodha yote ya majina kwenye simu kabla ya kukupa hata shilingi elfu ishirini. Ukichelewa kulipa, ujumbe wa kukudhalilisha unakwenda kwa shemeji, kwa mwalimu wa mtoto, kwa mwenyekiti wa kitongoji. Novemba 2024, Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikitoa mikopo mtandaoni bila leseni. Nchini Kenya, Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza faini ya shilingi 2,975,000 za Kenya kampuni ya mikopo Mulla Pride, kwa kutumia majina na namba za watu kuwatumia ujumbe na simu za vitisho.

Orodha ya majina ikishachukuliwa, kuondoa programu hakuirudishi. Ndiyo maana ruhusa isomwe kabla ya kubonyeza kubali. Lakini hata aliyechelewa ana pa kwenda. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi hupokea malalamiko. Picha ya ukurasa wa ruhusa na za ujumbe uliotumwa kwa watu wako ni ushahidi. Zipige kabla hujaiondoa programu.

Namba zinazoitwa za siri

Huenda umetumiwa ujumbe wa namba za siri za Android. Moja ni ya kweli: kwenye sehemu ya kupigia simu, andika *#*#4636#*#* na menyu ya majaribio hufunguka katika simu nyingi. Ndani yake kuna takwimu za matumizi, zinazoonyesha kila programu ilitumika mara ya mwisho lini. Haitumii salio, na baadhi ya watengenezaji wa simu wameizima.

Soma takwimu kisha utoke. Sehemu nyingine ya menyu hiyo hubadilisha aina ya mtandao, na ukiigusa bila kujua unaweza kukosa mtandao mpaka uirudishe. Namba nyingine yoyote unayotumiwa, hasa inayodai itakupa bando la bure au itafungua simu ya mtu mwingine, usiibonyeze.

Chini zaidi kuna daftari la fundi. Hilo ni kumbukumbu ya mfumo mzima, mistari maelfu kwa maelfu, inayosomwa kwa kompyuta ili kujua kwa nini programu inajizima au simu inajiwasha upya. Lina mambo mawili ya kujua.

Kwanza, nafasi yake ni ndogo. Mistari mipya hufuta ya zamani, na sehemu kubwa hupotea simu ikizimwa. Kwa hiyo fundi anayekwambia atasoma kumbukumbu hiyo ajue nani alishika simu yako mwezi uliopita anakudanganya.

Pili, huweza kubeba taarifa zako binafsi. Tangu Android 4.1 ya mwaka 2012, programu ya kawaida hairuhusiwi kusoma kumbukumbu za programu nyingine. Kwa hiyo programu inayojitangaza kwamba itakuonyesha siri zote za simu, kisha ikaomba ruhusa nyingi, ni ya kuogopa. Na kama fundi aliwasha chaguo za wasanidi programu ili aunganishe kompyuta, hakikisha amezizima kabla hujaondoka.

Kwa nini kufuta hakutoshi

Agosti 2020, shirika la habari la BuzzFeed News pamoja na kampuni ya usalama ya Secure-D walieleza walichokikuta kwenye simu aina ya Tecno W2. Baadhi zilikuwa na programu haribifu ziitwazo Triada na xHelper. Zilikuwa zikimaliza data na kujaribu kuwaunga wenye simu kwenye huduma za kulipia ambazo hawakuziomba. Simu zilizotajwa zilikuwa katika nchi zikiwemo Afrika Kusini, Ethiopia, Kamerun, Misri na Ghana. Secure-D ilisema ilizuia majaribio milioni 19.2 ya aina hiyo kutoka simu zaidi ya 200,000. Transsion, kampuni inayomiliki jina la Tecno, ilisema programu hizo ziliingizwa na mmoja wa wanaoihudumia kabla simu hazijafika sokoni, na kwamba ilitoa visasisho vya kuziondoa.

Programu ya xHelper ilijulikana kwa jambo moja: ukiiflashi simu kwa njia ya kawaida, ilirudi. Aliyefuta kila kitu alipoteza picha na namba zake, na mdudu akabaki. Kilichowafichua ni kumbukumbu za maombi yaliyotoka kwenye simu wakati wenyewe hawajagusa kitu.

Kuna hatari nyingine ya kufuta. Mara nyingi muuzaji wa duka ndiye aliyekufungulia simu, akatumia barua pepe ambayo hukuiandika popote. Tangu Android 5.1 ya mwaka 2015, simu iliyofutwa kwa njia fulani inaweza kudai barua pepe na nywila ya mwanzo kabla ya kufunguka. Ni kinga dhidi ya wezi, lakini inamfungia pia mwenye mali asiyeijua akaunti yake. Leo, kabla ya tatizo lolote, ingia mipangilio, kisha akaunti, uandike kwenye karatasi barua pepe iliyopo. Kama si yako, fungua ya kwako uiweke. Kisha kwenye ukurasa wa usalama wa akaunti, angalia orodha ya vifaa. Kifaa usichokijua, kiondoe.

Fanya hivyo pia kwenye WhatsApp, sehemu ya vifaa vilivyounganishwa. Kama kuna kompyuta ambayo hukuiunganisha, kuna mtu anasoma meseji zako. Igusa na uiondoe.

Pesa ikipungua

Kwenye pesa, daftari la kuaminika ni la kampuni. Ingia kwenye menyu ya huduma yako ya pesa, sehemu ya akaunti yangu, utaona miamala ya karibuni. Linganisha na meseji zako kwa kutumia namba ya muamala. Kama muamala upo kwenye menyu na meseji yake haipo, meseji ilifutwa. Usibishane na wakala. Piga 100, namba ya huduma kwa wateja ya mtandao wako, ukiwa na namba ya muamala, tarehe na saa. Kosa likiripotiwa mapema, kuna nafasi kubwa zaidi ya kuizuia pesa kabla haijatolewa.

Piga pia *106# ukaone laini ngapi zimesajiliwa kwa namba yako ya kitambulisho cha taifa. Ukikuta laini usiyoijua, nenda kwa mtoa huduma ikaondolewe. Ujumbe wa matapeli upeleke 15040 pamoja na namba iliyoutuma.

Kile ambacho daftari halisemi

Kumbukumbu ya simu inasema programu ilifunguliwa saa mbili usiku. Haisemi mkono wa nani uliifungua. Katika nyumba ambayo simu moja inatumiwa na baba, mama na mtoto wa sekondari, tofauti hiyo ni kubwa. Saa iliyoandikwa ni mahali pa kuanzia kuuliza, na bado haijawa hukumu. Tena saa hiyo ni ya simu yenyewe. Kama tarehe ilikuwa imekosewa, huenda kumbukumbu nazo zimekosewa.

Vilevile, daftari hili ni la mwenye simu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahesabu kuwa kosa kuingia bila ruhusa kwenye mfumo wa mtu mwingine. Kusoma simu ya mwenzi wako kwa siri, au kumwekea programu ya kumfuatilia, hakuhalalishwi na ndoa.

Utaratibu wa kufuata

Tatizo likitokea, fuata mpangilio huu. Kama pesa imehusika, anza na 100 mara moja. Halafu kaa na simu, soma betri, data, dakika za matumizi na ruhusa. Kila ukurasa wenye jambo la ajabu upige picha ya kioo, kwa kubonyeza pamoja kitufe cha kuwashia na cha kupunguza sauti. Andika tarehe na saa kwenye daftari la karatasi. Ondoa programu unayoitilia shaka, kisha subiri siku mbili na ulinganishe.

Hali isipobadilika, hapo ndipo fundi anahitajika. Mpelekee yale uliyoandika. Akishauri kuiflashi, hakikisha kwanza namba zako na picha zimehifadhiwa, na barua pepe ya akaunti unaijua pamoja na nywila yake.